Shimo nyuma ya nyumba yetu

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Ukungu tangu asubuhi, na hakuna upepo hata kidogo.

Na bado ninasema yale yale niliyosema hapa mtandaoni juma lililopita: sikujua kwamba mtu anaweza kupendwa hivi. Hii ni wiki ya saba ya ndoa, na kila nikisikia Kambale anasukuma mlango wa mabati wa uwanja wetu, moyo unaruka kama wa msichana wa shule. Asubuhi anachemsha chai yeye mwenyewe. Wakati wa mapumziko ananipigia simu kutoka shuleni anakofundisha, eti kuuliza kama nimekula. Majirani wa hapa Keshero wanatucheka. Wacheke.

Nilitaka kuandika hayo tu leo. Siwezi.

Leo tulikuwa karibu kumzika baba yake.

Nianze vizuri. Nyumba yetu ni ya mbao, vyumba viwili, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Siku ya harusi ilikuwa tayari, na mapazia nilikuwa nimeshona mwenyewe. Choo ndicho hakikuwa tayari. Anayeishi Goma anaelewa. Hapa kwetu shimo la choo halichimbwi, linapasuliwa. Jembe halina kazi, kwa sababu udongo hakuna. Kuna mwamba, na juu ya mwamba kuna mtu na nyundo yake, siku baada ya siku, anapata kina cha kiganja kimoja anaenda kulala.

Mtu huyo, kwa upande wetu, ni Muzee Paluku, baba mkwe wangu. Alitoka Butembo akiwa kijana asiye na ndevu, akaanza kupasua mawe, na hajaacha hadi leo. Amepita miaka sabini. Huko Mapendo anakokaa, ukipita naye barabarani anakuonyesha kila uwanja: hapa nilichimba, pale nilichimba, yule mama nilimchimbia mara mbili. Siku ya harusi yetu alisimama mbele ya wageni akiwa na koti lake la kahawia, akaninyooshea mkono.

"Mama," akasema, maana mimi ananiita mama tangu siku ya kwanza, "wengine wataleta sufuria na godoro. Mimi nitakupa shimo."

Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Mimi nililia. Niliona ni zawadi nzuri kuliko zote, na bado ninaona hivyo, hata leo.

Kambale hakutaka. Nimeandika hili kwa sababu nisipoliandika nitajidanganya. Alisema baba amechoka, tutafute watu wenye nguvu, baba aje kukaa na kutuelekeza tu. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia usimvunje moyo, ni furaha yake, hujaona anavyoimba akishuka? Nilipiga hata magoti nikicheka, nikamshika mikono. Kambale hawezi kuninyima kitu. Mimi nilijua hivyo, na nilitumia.

Basi kwa wiki tatu Muzee amekuwa akifika alfajiri kwa miguu, mtarimbo begani. Ana sheria zake tatu na hazibadiliki. Ya kwanza, kamba kiunoni, na upande wa pili wa kamba unafungwa kwenye mtarimbo uliosimikwa mwambani. Ya pili, hakuna kushuka kabla Kambale hajasimama juu. Ya tatu ndiyo kubwa: kabla ya mtu, unashuka moto. Ana mkebe wa maziwa, ameutoboa, ndani anasimamisha buji, yaani mshumaa. Anaiwasha, anateremsha mkebe kwa uzi hadi chini kabisa, anahesabu polepole. Moto ukiendelea kuwaka, anashuka. Ukizimika, hakuna kazi siku hiyo.

Ni kwa sababu ya mazuku. Sisi wa karibu na ziwa tunaijua: hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa katika mashimo na mabonde. Haina rangi, haina harufu. Asubuhi isiyo na upepo ndiyo saa yake. Mbuzi anaingia mahali kula majani, anapiga magoti, basi. Muzee aliwafundisha watu wengi sheria ya moto. Kambale anasema aliijua kabla hajajua sala ya Baba Yetu.

Sasa niandike mambo niliyoyaona na sikuyaelewa.

Kuna asubuhi alinisalimia, akauliza habari za mama yangu, akanywa chai. Kisha akanisalimia upya, akauliza tena habari za mama yangu. Nilimwambia Kambale, nikiwa na furaha: baba yako ananipenda hadi ananisalimia mara mbili! Kambale hakucheka. Siku nyingine Muzee alivaa kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia, nikaona ni utani wake. Siku nyingine aliniita kwa jina la binti yake aliyekufa zamani, na nikaona ni heshima kubwa mno, nikaenda ndani kufuta machozi.

Kila kitu niliona ni mapenzi. Nilikuwa na mapenzi mengi kichwani, sikubakiza nafasi ya macho.

Halafu kuna jambo la Jumapili. Mama aliyetusimamia kanisani, mama wetu wa ndoa, alituma habari kwamba Jumapili hii atakuja kutazama tunavyoishi. Niliona aibu. Tangu tuhamie hapa tunatumia choo cha jirani, Mama Furaha, na Mama Furaha ni mtu mzuri ila mdomo wake haulali. Kila nikipita na ndoo yangu ya maji anapaza sauti ili barabara nzima isikie:

"Bibi-arusi, umerudi tena? Ndoa hii inakunywesha nini?"

Nikafikiri jinsi mama wetu wa ndoa, na viatu vyake vya Jumapili, atakavyopita mbele ya Mama Furaha. Basi jana nilimwendea Muzee. Kwetu mwanamke aliyeolewa hawezi kutamka neno choo mbele ya baba mkwe, afadhali ameze ulimi. Nikasema nikiangalia chini: "Papa, ile kazi ya nyuma, Jumapili itakuwa imefika wapi?"

Alicheka hadi akakohoa. "Mama, ile kazi ya nyuma itaisha. Kesho nitakuja mapema."

Ni mimi niliyemfanya aje mapema.

Leo asubuhi nilitoka nje kabla Muzee hajafika. Buji ya zamani ilikuwa imeisha, nikatia mpya katika mkebe wake, nikautundika kwenye msumari ukutani, mahali pake. Nikaingia ndani kuamsha moto wa chai. Kambale alikuwa ananyoa ndevu, mimi nikamchezea kidogo, nikampaka povu puani, tukacheka. Tulicheka muda gani? Sijui. Nikatoka na kikombe cha Muzee.

Mtarimbo ulikuwa umesimama mwambani, kamba imefungwa. Nyundo sikuisikia.

Nikasema, "Papa, chai." Hakuna jibu. Nikasogea. Alikuwa amekaa chini ya shimo, mgongo ukutani, miguu imenyooka kama mtu anayepumzika. Kofia imeanguka. Mdomo wazi.

Nikageuza macho ukutani. Mkebe ulikuwa kwenye msumari.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Kambale alitoka na povu usoni, akakimbia moja kwa moja kwenye ngazi. Alikuwa ameshatia mguu wakati Mama Furaha alipovuka ua na kumshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Kwa kweli yule mama ana nguvu.

"Toka hapo! Ukishuka nitazika wawili! Vuta kamba, mujinga wewe, vuta!"

Tulivuta. Kambale, Mama Furaha, mume wake, mimi, na mtu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli. Muzee alipanda akigonga mawe aliyoyapasua yeye mwenyewe. Alikuwa mzito kama mwili usio na mtu ndani. Tulimlaza penye wazi, Kambale akamgeuza ubavu, akamwita, papa, papa, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani mwangu.

Akakohoa. Akatapika. Akafungua macho.

Majirani waliokusanyika, wanaoijua kazi, walisema ni bahati, alikuwa ameshuka dakika chache tu. Mume wa Mama Furaha akasema: "Kamba ndiyo imekuokoa, Muzee." Hapo Muzee, ameegemea ukuta, uso wa majivu, akajibu mbele ya wote:

"Nilifuata sheria. Niliteremsha moto, ukawaka vizuri. Mazuku imekuja nyuma ya moto."

Watu wakatikisa vichwa. Mazuku haina adabu, wakasema. Wakamwambia pole. Mmoja akasema, pumzika leo, kesho utaendelea. Naye Muzee akasema ndiyo, kesho.

Kambale aliniangalia. Sasa ninajua uso wake, ulikuwa unauliza. Aliona nimebana midomo.

Nilikuwa mtu mmoja tu hapo niliyejua. Buji ile niliitia mimi. Utambi wake ulikuwa mweupe, haujawahi kuguswa na moto. Muzee hakusema uongo, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa na uhakika. Aliuona moto ukiwaka. Alikuwa anauona ule wa jana.

Mikono yake ilikumbuka kamba. Kichwa kilisahau moto, na kilimsahau hata Kambale.

Nifanye nini? Mkwe hamrekebishi baba wa mume wake, tena mbele ya watu. Nikinyamaza, kesho atarudi alfajiri, akiwa na uhakika. Nikisema, nitamchukulia kitu kimoja alichobaki nacho. Nilisimama jikoni na nilikasirika, ndiyo, nilimkasirikia Mungu kwamba ni mimi, wiki ya saba tu, ambaye nilipaswa kufanya hivyo.

Nikangoja majirani waondoke. Nikaweka bakuli la uji kwenye sinia, na pembeni ya bakuli nikauweka mkebe. Nikapiga magoti, nikamwekea mbele, nikaangalia chini.

Hakugusa kijiko. Alichukua mkebe. Akaushika karibu na macho, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya utambi, kisha akakitazama kidole.

"Mama, hii buji ni wewe uliitia?"

"Ndiyo, Papa."

"Jana?"

"Leo, Papa. Kabla hujafika."

Kambale alikuwa amesimama mlangoni, povu limemkauka shavuni. Kisha Muzee akakunja mkono wake wa kulia na kuufungua, akaukunja na kuufungua, kama anayejaribu kifaa.

"Mikono iko," akasema. "Ona, iko. Kichwa ndiyo imechoka."

Na baadaye, kwa sauti ndogo, bila kuniangalia: "Na wewe, ungenyamaza, ungenizika vizuri tu."

Sijui kama ilikuwa shukrani au lawama. Nimeigeuza siku nzima na bado sijui.

Hakula. Kambale alienda kuteremsha mkebe shimoni, buji sasa imewashwa, nami nilimfuata. Moto ulifika usawa wa kifua cha mtu aliyesimama chini, ukazimika. Kimya, kama mtu amefumba jicho. Muzee alitazama kutoka pale alipokaa. Akasema tu, "Fungeni." Alimpa Kambale mtarimbo kwa mikono miwili. Nyundo aliiacha ilipo, chini shimoni, hakuna wa kuishukia. Mkebe akauomba, Kambale alipompa akautia katika mfuko wa koti. Kisha pikipiki ikaja kumpeleka Mapendo, na yeye aliyeniita mama tangu siku ya kwanza aliondoka bila kusema "kwaheri, mama".

Sasa ninaandika na ninasikia mawe. Kambale anayarudisha shimoni, moja moja, yale yale ambayo baba yake aliyatoa. Hakwenda kazini. Nimempelekea maji mara mbili, na mara zote mbili alinishika mkono, akarudi kwenye mawe. Mama Furaha alikuja bila kuitwa, akasaidia kubeba, halafu akasema mama wetu wa ndoa akija Jumapili apite kwake wazi wazi, na atakayecheka atamjibu yeye.

Nilidhani kumpenda mtu ni kumwambia kila siku kwamba bado ana nguvu. Nilimwambia Muzee hivyo wiki tatu, na kila neno lilikuwa jiwe nililomwongezea. Kambale ndiye aliyempenda kweli, na mimi nilimpigia magoti ili anyamaze. Atanisamehe? Anasema hakuna la kusamehe. Lakini hacheki.

Dada yake Kambale amepiga simu kutoka Mapendo. Anasema Muzee amekaa kwenye kiti nje ya mlango tangu saa nne, mikono juu ya magoti, haongei. Watu wanapita wanamsalimia, yeye anaangalia mikono.

Papa, wewe hutasoma hili, hujui hata mtandao ni nini. Naandika hata hivyo. Sitakuja kesho, kwa sababu kesho utakuwa bado na hasira na una haki. Lakini kabla ya mwezi huu kuisha nitafika Mapendo, nitakaa chini karibu na kiti chako, hata kama hutanisalimia hata mara moja. Najua mkebe uko mfukoni mwako. Nitakuja na kiberiti, unifundishe kuhesabu.