Tak Yongran, Wewe Ndiye Uliyenyoa

Dada yetu mpendwa,

Mwaka umetimia tangu ulipotuaga hospitalini kule Incheon, asubuhi ya mvua, muda mfupi baada ya kumgombeza nesi aliyezima televisheni filamu ilipofika mwisho. "Majina bado hayajapita," ulimwambia, "unazima nini sasa?" Baada ya hapo hukusema tena. Tumezoea kusikia kwamba marehemu wa watu huaga kwa maneno ya baraka. Wetu aliaga kwa kugomba, na hatukushangaa.

Ndivyo ulivyokuwa. Watu wakishatoka ukumbini, wewe bado umekaa, unayasoma majina yanayopanda kwenye pazia: washika taa, madereva, washona nguo, wapishi. Unayatamka kwa sauti ya chini, kisha unapiga makofi peke yako. Mfagiaji anakungoja mlangoni, nasi tunakuvuta mkono, "Dada, twende bwana, unatuaibisha." Ulikuwa unajibu, "Aibu ni kuondoka."

Ulianza kuigiza wakati ambao filamu za kwetu zilikuwa kichekesho. Ukimwalika mtu akatazame filamu ya Kikorea, alikuuliza kama tiketi za ile ya Kimarekani zimekwisha. Mlishinda kwenye migahawa ya kahawa ya Chungmuro, mtaa wa watu wa filamu, nyote waigizaji, mkikokota kikombe kimoja tangu asubuhi huku mkingoja mtu aje kuwaita kazini. Kisha wakaja waongozaji vijana, wenye hasira na hamu ya kusema mambo yetu kwa namna yetu, na watu wakaanza kurudi ukumbini. Mmoja wao alikuwa Ma Hyonsik.

Tunamtaja. Wenye gazeti hili wamesema tunaweza kumtaja, na hata wangekataa tungemtaja kwenye gazeti la jirani.

Alikuchagua uwe bibi harusi katika filamu yake ya watu wa kale. Alikuchagua kwa ajili ya nywele zako, msuko mmoja uliofika kiunoni, na hakuficha. Ilikuwa nafasi yako ya kwanza ya kuwa mbele, si mpita njia, si jirani aliyefungua dirisha. Mama alikwenda kuwatangazia watu wa soko zima.

Mwaka huohuo, 1999, ndipo ilipokuja ile vita ya sheria. Wamarekani walitaka ile sheria inayozilazimisha kumbi zetu kuonyesha filamu za nyumbani ipunguzwe makali, na ilisemekana serikali inalegea. Watu wa filamu wakaamua kwenda Gwanghwamun, katikati ya mji mkuu, kunyoa vipara hadharani. Kwetu mtu akinyoa hivyo amesema neno lake la mwisho. Nywele alipewa na wazazi, akizitoa ametoa kisicho chake peke yake.

Ma alikuja kwetu nyumbani, akala tambi baridi za mama bakuli mbili. Sote tulikuwepo na sote tulisikia.

"Na bibi harusi wangu je?" ulimuuliza. "Tuko katikati ya kazi."

"Tutakuvika wigi, Yongran. Sheria hii ikienda, hakuna filamu tena, sasa huyo bibi harusi ataolewa wapi?"

"Wewe unanyoa?"

"Unaniuliza mimi? Viti vyetu vitawekwa pamoja. Changu hiki, chako hiki. Tunanyoa wote."

Mama akamwongezea tambi.

Siku ile jua lilikuwa kali. Ulikaa kwenye kiti chako, ukafungwa shuka jeupe shingoni, na mwenzako mmoja aliyekuwa akilia kuliko wewe akaanza kukunyoa kwa mashine. Kiti cha kulia kwako kilikuwa na jina la Ma Hyonsik, na kilikuwa kitupu. Mwenyewe alikuwa kwenye kipaza sauti. Alisema vizuri sana, tunakubali. Alisema sisi tumejitoa, sisi hatutarudi nyuma, na upepo ukawa unampeperusha nywele. Baadaye alikueleza kwamba ana mwaliko wa tamasha la filamu ng'ambo, na watu wa huko wangemdhania mgonjwa.

Ulirudi na msuko wako umeufunga kwenye kitambaa cha mama cha maua. Kichwa kilikuwa na mabaka, huku pamebaki, huku pamechubuka. Tulimwogopa baba. Kinyozi wa maisha yake yote, binti yake amenyolewa barabarani! Alikutazama kutoka mlangoni mwa duka, akamwambia mteja aliyekuwa kwenye foleni arudi kesho, akakukalisha kwenye kiti. Alichemsha maji, akapaka povu, akakumaliza kwa wembe polepole hadi kichwa kikang'aa. Alisema neno moja tu.

"Aliyekunyoa hajui kazi."

Ukacheka mpaka povu likakuingia mdomoni. Usiku huo baba hakula.

Tunakumbuka pia yule bibi aliyeuza tofu, ile jibini ya soya, sokoni, aliyekuona na kipara na koti lako la kijivu akakudhania mtawa wa Kibudha, akaunganisha viganja na kukuinamia. "Mtawa, niombee mjukuu wangu, ana mtihani." Badala ya kumwambia ukweli umwaibishe mbele za watu, ukaunganisha viganja vyako na kuinama. Wewe, Mprotestanti wa kuimba kwaya! Akakujazia mfuko wa tofu, hakutaka malipo. Ulituambia kwamba kwa kuwa umeila tofu yake ilibidi umwombee mtoto kweli, ukamwombea kila usiku mpaka mtihani ukapita. Hatukujua alifaulu au la.

Wigi haikufaa. Mashine ya kupigia picha iliiona, wakasema, na wenye filamu hawakutaka kungoja nywele ziote. Bibi harusi akawa msichana mwingine mwenye msuko wake. Ma hakukwambia mwenyewe. Alimtuma msaidizi wake apige simu.

Sheria ikasalimika safari ile. Filamu zetu zikashika moto, foleni zikazunguka majengo, wageni wakaanza kuuliza majina ya waongozaji wetu na kujitahidi kuyatamka. Ya Ma ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa. Nawe ukaanza kuitwa kazini tena. Ucheze nani? Mtawa. Mtawa anayefagia ua, mtawa anayempa shujaa maji. Nywele zilikuwa zimeshaota, walitaka unyoe upya. Ulikataa kila mara kwa jibu lilelile, "Nilishanyoa. Siku ile nilikuwa na sababu." Wakachoka kukuita. Ukaishia kufundisha watoto wa watu kuigiza, ghorofani juu ya duka la kuku wa kukaanga, na wengine leo nyuso zao ziko kwenye mabango.

Usidhani tutakufanya malaika kwa kuwa umekufa. Jioni ile Ma aliposema kwenye televisheni, "Wakati ule tulinyoa vichwa vyetu kwa ajili ya filamu zetu," ulirusha ndala ikagonga kioo.

"*Tu*linyoa?" ulipiga kelele. "Tu nani? Tu na nani?"

Hata hivyo ulikwenda kuitazama filamu yake mpya, ukakaa mpaka mwisho, ukapiga makofi. Tulikukasirikia njia nzima. Ukasema, "Nimewapigia washika taa. Jina lake yeye lilipita kwanza, nilikuwa sijaanza."

Kwenye msiba wako alileta shada la maua la ghorofa tatu, refu kuliko mlango, na utepe wenye jina lake na cheo chake. Yeye hakufika. Baba alinyanyuka kwenye mkeka, akaligeuza shada likatazama ukuta, akarudi kukaa.

Sasa mwezi uliopita ilipigwa simu. Wanaandaa maonyesho ya namna filamu za Kikorea zilivyofufuka, na Ma ndiye mwenyekiti. Wanataka msuko wako. Watauweka kwenye kasha la kioo, chini ya picha kubwa yake akiwa kwenye kipaza sauti. Msaidizi wake alikuwa binti mpole, hatuna neno naye.

"Mzee," alimwambia baba, "mwongozaji anasema nywele zile ni zetu sote."

Baba akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Kitambaa kipo," alijibu. "Nywele zipo. Mwambie aje mwenyewe, asimtume mtu. Na mwambie duka nimefunga ila kiti nimebakiza kimoja, kipo sebuleni. Akae, nimmalizie kazi yake ya siku ile. Nikimaliza, achukue msuko aende nao."

Binti akauliza kama hilo ni jibu la kumpelekea. Baba akasema ndilo.

Jana jioni tulikuandalia meza ya kumbukumbu, wali, supu ya mwani uliyoipenda, samaki na matunda ya kaki yaliyokaushwa. Tulikuinamia sisi wadogo zako. Baba hakuinama, kwa kuwa desturi haimruhusu mzazi kumwinamia mtoto, na alikaa sebuleni peke yake. Tulipokuwa tumegusa sakafu kwa vipaji vya nyuso tukasikia mlio wa mashine ya kunyolea. Alikuwa ameitia mafuta, anaijaribu. Ikalia kidogo, ikazimwa, ikalia tena.

Ma Hyonsik hajaja.

Unakumbukwa na baba yako, Tak Pongsam. Wadogo zako, Yongju aliyeandika haya na Kwangho pamoja na mkewe. Mpwa wako Sebyol, ambaye siku hizi naye haondoki ukumbini mpaka majina yaishe. Na wanafunzi wako wote. Mama alikutangulia, na tunajua huko mliko anajuta zile tambi.

Wewe hatutakusahau maisha yetu yote. Na kile kiti cha kulia kwako, dada, hatutakisahau pia.