Mstari Mzima wa Baba

Kwako mdogo wangu Brashi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta salama, unga mikononi na usingizi machoni, maana nyie waokaji mnaamka wakati sisi wengine ndiyo kwanza tunageuka ubavu. Huku hatujambo. Magoti ya Baba yanamsumbua kama kawaida, ila mdomo wake hauumwi kabisa.

Siku hizi nasahihishia madaftari ya wanafunzi sebuleni. Tumefika kwenye hesabu za ndogo kuliko na kubwa kuliko: unachora mstari kwenye grafu, upande usiotakiwa unautia kivuli, unaotakiwa unauacha mweupe. Jua la jioni linaingia dirishani, vumbi la chaki linaelea, Baba anasinzia kitini, na mimi mwenyewe sijui kama nasahihisha au naota. Juzi akafumbua jicho moja, akachungulia daftari, akasema nimemwonea mtoto wa watu.

Nilikuwa nimemkosesha mwanafunzi aliyechora mstari wa vipandevipande mahali pa mstari mzima. Baba, aliyezeeka akipaka mistari ya barabarani, akaapa kwamba mstari uliokatika ni ruhusa na mzima ni marufuku, dereva yeyote anajua. Nikamwambia kwenye grafu sivyo. Mstari ukikatika, nukta zilizo juu yake zimeachwa nje. Ukiwa mzima, maana yake ni ndogo kuliko au sawa na, kwa hiyo hata nukta iliyokaa juu ya mstari wenyewe imo. Akacheka sana, akasema sisi walimu tutasababisha ajali.

Lakini usingizi ulikuwa umemruka. Akaomba chaki, akavigeuza vile vigae vyetu vya mraba kuwa grafu. Kiti chake akakiita sifuri, akahesabu vigae mpaka kizingitini, akapata sita. Nikamwandikia sakafuni: x ni ndogo kuliko au sawa na sita. Nikamwonyesha namna ya kupima kwa kuweka sifuri mahali pa x. Sifuri ni ndogo kuliko sita, ni kweli, basi upande wa kiti ndio unaotakiwa, kivuli kiende nje. Huko nje giza lilikuwa limeshaanza kazi hiyo lenyewe. Tukakaa ndani ya weupe wetu, na kwa kitambo niliona kama sebule nzima inaelea.

Ndipo akaniuliza, bila kuniangalia, mtu akisimama juu ya kizingiti, yumo au hayumo.

Brashi, nilijua anakuulizia wewe. Tangu ulipoacha kazi yake ya rangi ukaenda kuoka mikate, naye akakukataza kuvuka kizingiti chake, hakuwahi kukutaja. Ile siku uliyoleta mkate, ukasimama pale pale mlangoni, ukanikabidhi, ukaondoka, mimi nilidhani amelala. Kumbe alikuwa macho nyuma ya pazia. Ameniambia alisubiri uingie, na anaamini wewe ulisubiri uitwe. Hata ule mkate niliowasingizia panya, aliumaliza yeye.

Nikamjibu kwamba inategemea mstari.

Asubuhi nilimkuta amepiga magoti, yale yale magoti mabovu, na kopo lake la rangi nyeupe ya barabara. Alikuwa amepaka kizingiti kutoka mwimo hadi mwimo wa mlango bila kuruka hata upana wa kidole. Nikataka kumwinua, akanifukuza, akasema nisimharibie kazi. Kisha akanituma nikuambie kwamba amechora mzima, na nikueleze vizuri mpaka uelewe. Ndiyo maana nimekufundisha hesabu barua nzima, wewe uliyekuwa ukizikimbia.

Wasalimie wenzako wote wa tanurini. Mimi nakukumbuka mno, sitaki kukuficha. Baba naye anakusalimu. Anasema usiogope kukanyaga, rangi imeshakauka.

Ni mimi dada yako,
Mwalimu