Rada na Kamio Lililosimama

Yaya Trésor, kaka yangu mkubwa,

Ile rada tumeimaliza. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu ulinicheka tukila bukari, ugali wetu, kwa mama, mtaani Makomeno, ukiwa umetoka mgodi wa Kinsevere na kamio, lori lako la madini, macho mekundu. "Mireille, mashini yenu itaona nini mu hii vumbi?"

Tunaifunga chini ya droni. Inatuma mawimbi ya redio, kisha inasikiliza yanavyorudi, vumbi haliyazuii. Taabu ni kwamba kila kitu kinayarudisha, miti, mabati, ardhi yenyewe, na kwa kuwa droni inaruka, hata kichuguu kinaonekana kama kinatembea. Basi kompyuta inaondoa mwendo wa droni, halafu inafuta kila kisichotembea. Yanabaki magari. Siku makamio yalipotokea kwenye skrini, vidoa vyeupe vikifuatana kutoka mgodini, tulipiga makofi.

Kisha kidoa kimoja kikapotea. Dereva alikuwa amesimama kukaza turubai.

Shefu, mkubwa wetu wa kazi, akasema, "Haina shida. Ile yenye inasimama haiko kazi yetu."

Yaya, siku ile wewe pia ulikuwa umesimama. Tairi lilipasuka, ukashuka kuliangalia, na aliyekuja nyuma hakukuona kwa vumbi.

Sikulia. Niliwaambia Shefu na wenzangu kwamba kaka yangu alikufa hivyo, barabara hiyohiyo, na kwamba siweki sahihi kwenye rada ya namna hiyo. Shefu alivua miwani, akasema, "Basi, tutengeneze tena."

Ilituchukua msimu mzima wa mvua. Sasa gari likisimama, kompyuta inashika mahali lilipoonekana mwisho, kidoa kinakuwa chekundu, na walio nyuma wanaambiwa kwa redio wapunguze mwendo. Juzi kamio liliharibika kwenye kona, vumbi likiwa limefunga kabisa. Madereva waliokuwa nyuma wakasimama mbali. Jioni nilimwona dereva wa kamio hilo akitoka getini, anakula karanga, anabishana na mtu kuhusu mpira. Nilimwangalia mpaka akapanda teksi.

Mama yuko salama. Nguo zako tuligawa. Koti nimebaki nalo.

Mtoto wako Grâce ameanza kuuliza ulikufaje. Mama anataka tumwambie ni malaria. Mimi nimekataa. Akiwa tayari kusikia, nitamketisha mimi mwenyewe, nitamweleza yote, na sitaharakisha.

Pumzika, yaya.

Mdogo wako,
Mireille