Kula au Kura

Jumanne, 10 Juni 2025

Shyaka yuko hai! Naandika tena: hai! Leo gerejini, Gikondo, saa sita na nusu mchana, huyu fundi mwenzangu alikuwa anang'oa springi ya lori kwa bisibisi ndefu. Ikateleza, akaiangukia. Ikazama kifuani hadi mpini — na mpini ukawa unacheza kwa mapigo ya moyo wake. Bosi Valens akanipigia kelele: "Kula! Kula!" Nikaduwaa. Nile nini tena? Kweli ilikuwa saa ya chakula, lakini jamani! Tukampakia kwenye pikapu na bisibisi yake. Dakika kumi na mbili hadi hospitali. Wamempasua, wamemshona. Moyo! Wameshona moyo kama suruali!

Jumatano, 11 Juni

Nimekuwa shujaa. Daktari Ingrid, aliyemshona, anasema wengi wenye jeraha la moyo hawafiki hata mlangoni. Huyu kaokolewa kwa kuwa ni bisibisi, si risasi; tundu ni dogo; tulifika upesi, presha bado ipo. Na — hili kalisema mara mbili — bisibisi haikutolewa. Ndiyo iliyoziba tundu. Ingevutwa, angeishia njiani. Akauliza ni nani aliyekataa kuivuta. Wote wakaninyoshea kidole mimi! Mutesi, mke wa Shyaka, akanikumbatia, akasema shemeji, Mungu alikuweka pale. Nikaitikia kwa kichwa, kiprofesa kabisa.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa. Valens kaniomba msamaha. "Mimi nilisema kura, weye ukakataa. Weye iko na akili kunishinda."

Kura! Kinyarwanda — toa! Miezi mitatu tangu nitoke Bukoba, Kinyarwanda changu bado ni cha salamu, na kwa Valens l na r ni mamoja. Sikukataa kitu. Nilisikia kula! Nimecheka chooni peke yangu hadi machozi. Kisha nikaacha kucheka. Ningemwelewa, ningeivuta, kwa mikono miwili. Ningemuua rafiki yangu kwa utii.

Jumatatu, 16 Juni

Daktari Ingrid anafanya utafiti wa waliopona majeraha ya moyo. Kanipa fomu: ulijuaje usiivute? Anataka kuwafundisha mafundi wengine. Nikaona kwanza nimwambie Shyaka. Nesi akanionya nisimchekeshe, mfupa wa kifua umefungwa waya.

"Nilikuona umesimama tu," Shyaka akasema. "Ulikuwa unawaza nini?"

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa. "Nilidhani bosi anatuita kula."

Kifua kikaanza kutikisika. Akaubana mto, machozi yanamtoka, akanong'ona: "Maharage?"

Nesi kanitoa kwa ukosi. Niko kwenye benchi la nje. Namsikia — analia maumivu, anacheka, analia tena. Mutesi anauliza kuna nini, kuna nini. Na Daktari Ingrid huyo anakuja, kanyoosha mkono apokee fomu, na mimi sijaandika hata ne—