Gogo Nililolifungua Soni

Tabora, Ijumaa, baada ya sala. Ni siku ya ishirini na sita tangu uzikwe, na mwaka wa ishirini na tatu tangu nipande treni pale Mombo na kuiacha milima yetu.

Ndugu yangu Kupaza,

Barua ya binti yako Mwanahamisi ilinifikia juzi. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikakaa, nikaisoma tena. Ana mwandiko mzuri. Anasema kifua kilikusumbua tangu baridi ianze, ukakataa kuteremshwa hospitali kwa gari la watu. Anasema pia kwamba pikapu letu bado liko nyuma ya nyumba, sakafu imeoza, na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Hapo nilicheka. Mke wangu akatoka jikoni kuona kuna nini, nikamsomea habari ya kuku.

Huku magari yameongezeka. Jirani yangu, fundi wa reli, ana pikapu karibu jipya, na kila tukikutana analisifu: halichemshi, halichagui barabara, linavuta tela la kuni bila kulalamika. Namsikiliza kwa adabu. Tabora ni tambarare. Gari lolote ni zuri Tabora.

Letu tulilipata likiwa limechoka, kwa mzungu wa kahawa aliyekuwa akihama. Wewe ulijua chuma, mimi, mwalimu, nilijua kusoma kitabu chake cha maelezo. Kati ya Mombo na Lushoto lilichemsha rejeta mara nne, na kwa sababu hiyo tulijua kila kijito cha njiani. Springi ya nyuma ilipokatika uliifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ikakauka, ikashika kuliko chuma. Unakumbuka kilima cha Rangwi? Tangi lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilishuka yenyewe kwenda kwenye injini. Kilima kikizidi, petroli haifiki, gari linazima. Ukaligeuza ukapanda kinyumenyume mpaka juu. Wanawake waliotoka sokoni wakaliita Kaa. "Mpisheni Kaa." Mmoja akakuuliza, "Kupaza, na nyumbani unaingia hivyo hivyo?" Ukatoa kichwa dirishani ukamjibu, "Nyumbani naingia kwa magoti, dada yangu. Mwenye nyumba mkali."

Naandika haya ili nichelewe kufika pale ninapotakiwa kufika. Wewe ungeshajua.

Kabichi na viazi vya kupeleka kwenye treni vilipozidi, ulitengeneza tela kwa ekseli ya gari lililokufa. Kitabu kilisema gari letu lina nguvu ya kulivuta, na hakikudanganya: kulivuta, lililivuta. Habari za kuteremka nalo hazikuwamo. Wewe hukuhitaji kuzisoma. Ulikulia kwa watu wanaoteremsha magogo kutoka msituni kwa kamba, wengine mbele, wengine nyuma wakiyazuia. Ukaichukua kazi ile ukaifunga kwenye tela: gogo zito, kwa mnyororo, likiburutwa nyuma yetu na kushika mawe ya barabara. "Mbele linavutwa, nyuma linashikwa," ulisema, na hukueleza zaidi. Kwa miaka mitatu tulishuka mpaka Mombo kama watu wanaosindikiza bibi harusi.

Siku ile tulimbeba mkaguzi wa shule kutoka Tanga, aliyekuwa anawahi treni. Njia nzima aligeuka kutazama nyuma. Tuliposimama Soni, ukachukua debe ukashuka kutafuta maji ya rejeta. Akaniambia, mbele ya wauza ndizi, "Mwalimu, hilo gogo ni abiria au mzigo? Au ndiyo sayansi mnayowafundisha watoto?" Wauza ndizi wakacheka. Mmoja akasema, "Ni mke wa pili wa Kupaza, hamwachi nyuma." Nilikuwa na kile kitabu mfukoni mwa koti. Nikasikia masikio yanawaka. Nikaenda nyuma, nikafungua mnyororo, nikalisukumia gogo majanini.

Nilipanga kukuambia. Ulirudi, ukamimina maji, ukafuta mikono, ukaniuliza kama ulivyouliza kila safari, kwa kuwa kukagua nyuma ilikuwa kazi yangu: "Nyuma kuko sawa?"

Nikasema, "Kuko sawa."

Kona ya tatu chini ya Soni tela likaanza kutusukuma. Ulililaza gari kwenye ukingo wa mlima, likasimama, na mpaka leo sijui dereva mwingine ambaye angeweza. Pini ya tela ndiyo iliyokatika. Tela likatupita ubavuni, kabichi zikiruka, likamkuta Mbwana, mwanakijiji mwenzetu, akipanda na mfuko wake wa chumvi begani. Mguu wake wa kushoto haukunyooka tena.

Barazani kwa zumbe, chifu wetu, wazee waliuliza gogo lilikuwa wapi. Mkaguzi alikwisha kwenda na treni yake, na wauza ndizi wa Soni hawakuitwa. Nilikaa mstari wa pili, kalamu mfukoni, mtu anayeheshimiwa. Ulinitazama mara moja tu. Kisha ukasimama ukasema, "Gogo ni juu ya dereva. Nilisahau." Baadaye ulinikuta nyuma ya ukuta wa baraza. Ukaniambia, "Mwalimu, wewe wakikuondoa, shule ile wataifunga. Mimi nina jembe." Wakakunyang'anya leseni. Hukuendesha tena. Mwisho wa mwaka nikaomba uhamisho, nikaandika kwamba baridi ya milimani inaniumiza.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo. Nilikuwa nikitafuta, nadhani, mahali palipoandikwa kwamba jambo kama hili hufifia lenyewe. Nimechoka kutafuta.

Sasa nifike kwenye barua ya Mwanahamisi. Anasema kabla hawajakufukia, kaka yako alisimama kama ilivyo desturi, akauliza kama kuna mtu uliyemkosea, akakuombea radhi. Mbwana akasogea na fimbo yake mpaka ukingoni mwa kaburi, akasema, "Mguu huu uliumizwa na tela lake. Alisahau gogo. Mimi nimemsamehe, na Mungu amsamehe." Mwanahamisi anaandika kwamba alilia kwa faraja, maana sasa baba yake amelala bila deni la mtu.

Nikaikunja barua. Umezikwa na kosa langu, Kupaza, na likasamehewa kwa jina lako. Mbwana amebeba uchungu miaka yote hii, na siku aliyoutua, ameutua kwenye kaburi lisilohusika. Na binti yako anashukuru.

Ulipokuwa hai nilijiambia kwamba ni siri yetu wawili, na kwamba nikisema nitakuaibisha kwa uongo wako mwema. Hilo lilikuwa rahisi kuliamini nikiwa mbali. Leo siri haina watu wawili tena.

Kwa hiyo nimeandika barua nyingine, fupi kuliko hii, kwa Mbwana na kwa jamaa zako. Nimemwomba Mwanahamisi aisome siku ya arobaini yako, mbele ya watu wale wale waliokuwa kaburini, kabla sahani hazijaletwa. Nimeeleza gogo lilivyofunguliwa, na nani, na kwa sababu gani ndogo. Nimeandika swali lako na jibu langu kama yalivyokuwa. Pamoja nayo nimeweka kile kitabu cha gari. Nimekuwa nacho miaka yote. Kikae na gari lake, hata kama wasomaji ni kuku.

Mke wangu anasema niende mwenyewe, treni ipo, miguu bado inanibeba. Nimelifikiria siku mbili. Nikienda, nitashuka Mombo mzee mwenye mvi, nitapanda mpaka kwenu, watanichinjia mbuzi kwa ajili yako. Mbwana ataniangalia nilivyozeeka na nilivyotoka mbali, na ataona haya kuninyima. Atanisamehe haraka, kwa adabu ya kwetu. Sitaki msamaha wa adabu. Barua anaweza kuichana, anaweza kuinyamazia, anaweza kulaani jina langu barazani na hakuna wa kumwambia kwamba mgeni yuko mbele yake. Nampa nafasi hiyo. Ni ndogo, na nimechelewa nayo.

Wewe ningependa uniulize mara moja tena, ukifuta mikono, kama nyuma kuko sawa. Ningekujibu hakuko, ungeweka debe lako chini, tungelifunga gogo pamoja, na treni ingetuacha.

Lala, ndugu yangu. Barua ile ya arobaini nimeipeleka stesheni leo asubuhi kwa mkono wangu. Siku ya arobaini yako nitakaa hapa mlangoni na kukuombea dua, kwa jina lako lililo safi.

Lushoto sitarudi.