Rangi ya Kucha Kwenye Bodi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimesukuma maji ya kibarazani kwa ufagio, nimebandika chai, nimefungua fremu yetu ya ufundi hapa Buseresere peke yangu. Baba Pendo, fundi mwenye fremu, yuko Kahama kwenye msiba wa baba yake mdogo. Atarudi wakishaanua tanga. Mpaka hapo fundi ni mimi, na mipaka yangu naijua: simu, redio, chaja, tochi za wachimbaji. Laptop zinamsubiri yeye.

Leo simu mbili zilizoingia maji na tochi moja iliyoingia tope. Mwenye tochi katoka Rwamgasa, kesho ni zamu yake kushuka duarani, kwenye shimo la dhahabu. Imewaka. Hakusema ahsante. Alimulika dari, akaridhika, akaondoka.

Mchana akaingia Mama Zawadi, yule mwenye stesheneri Chato, karibu na stendi. Laptop yake imekufa. Ukibonyeza, kimya. Ukichomeka chaja, hata kile kitaa kidogo hakiwaki. Ndiyo anayochapia barua za watu, mitihani ya shule, ratiba za misiba. Bila hiyo duka ni ukuta na karatasi. Nikamwambia fundi wa laptop hayupo. Akaangalia vifaa vilivyotapakaa mezani, akaniangalia mimi.

"Na wewe hapo unafanya nini?"

Nimeipokea. Nimemwambia siahidi kitu.

Jumanne, 4 Machi

Sijaifungua. Naogopa. Niandike kwa nini, humu hakuna wa kunicheka.

Mwaka juzi, wakati wa kuvuna pamba, mdogo wangu Mayala aliniletea laptop yake. Ni mwalimu wa shule ya msingi Rwamgasa, na ile ilikuwa ya kwanza kuimiliki. Jenereta lilikuwa limeunguza njia moja ya shaba kwenye mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu. Nilikuwa bado mwanafunzi. Baba Pendo akasema jaribu, ni ya ndugu yako, hatakushtaki. Nikavusha waya badala ya ile njia iliyoungua. Mchana mzima nimeinama. Nilipomaliza akanituma dukani kuleta spiriti. Niliporudi alikuwa ameshika mita, kichwa chini.

"Imekufa, Kabula. Umepitisha joto mpaka ndani. Mkono wako mzito."

Nililia mbele ya wateja.

Mayala akarudishiwa diski yake, kioo na kava. Bodi ikabaki. Ndiyo desturi ya mafundi wa huku: kilichofia mezani ni cha mwenye meza. Mayala hakuuliza. Amekulia kwenye karasha, penye mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ukipeleka mawe yako kusagwa unaondoka na dhahabu uliyoiona, mchanga unabaki kwa mwenye mashine. Ule mchanga tunauita marudio. Baadaye anauchenjua kwa dawa na anapata dhahabu nyingine, pengine kuliko yako. Kila mtu anajua. Kila mtu anauacha.

Tangu siku ile sijagusa bodi ya laptop. Nyumbani naitwa Muuaji. Ni utani. Nikishika rimoti tu Mama anasema, "Msimpe Kabula, ataiua." Wote wanacheka, nami nacheka. Siupendi utani huo.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Kwaresma imeanza na mimi nina hasira.

Mama Zawadi kapiga simu asubuhi na mchana. Wateja wake wamehamia kwa jirani. Anasema mteja wa fotokopi akishazoea njia nyingine harudi. Nikampigia Baba Pendo kuomba ruhusa. Shikamoo, pole na msiba, Mama Pendo hajambo, poleni sana. Kisha nikamwambia.

"Iache hapohapo. Usije ukaimalizia."

Alisema kwa upole kabisa. Angenikaripia ningeiacha. Ule upole ndio ulioniudhi. Nikafunga simu, nikachukua bisibisi.

Nimetoa betri, nimetoa memori, nimeacha bodi tupu. Umeme wa chaja unaingia mlangoni vizuri. Unavuka fyuzi. Unafika kwenye transista ya kwanza na hapo unakwama, ng'ambo sifuri. Nimeweka mita kati ya njia kuu ya umeme na chini, upande wa hasi. Ikalia mfululizo. Kuna shoti. Bodi inakataa kupokea umeme kwa sababu mahali fulani unamwagika.

Mikono haikutetemeka. Nimeshangaa.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimegeuza bodi leo kutafuta shoti upande wa pili. Kando ya tundu la skrubu nikaona rangi ya kucha, ya zambarau. Sikushtuka. Sisi waya tuliovusha tunaufunika kwa rangi ya kucha usije ukagusa kitu, na ya kwetu inatoka saluni kwa Mama Pendo. Mafundi wengine nao wana wake wenye rangi za kucha.

Kisha nikaufuata waya wenyewe. Mwekundu, mwembamba, wa hedifoni. Haukatizi. Unazunguka tundu lote la skrubu ndipo uingie unakokwenda. Hakuna fundi mwenye akili angeupitisha hivyo. Niliupitisha mimi, kwa sababu niliogopa kukatiza juu ya njia nyingine. Baba Pendo alinicheka siku ile. Alisema waya wangu unazunguka kama mtu anayemkwepa mkwe.

Ni bodi ya Mayala. Kava ni jeusi la mashine nyingine. Bodi ni ile.

Na aibu yangu ni hii: wazo la kwanza halikuwa juu ya Baba Pendo. Nilidhani nimeiua tena. Kwamba waya wangu ndio umeleta shoti, kwamba ninachokigusa kinakufa hata nikikiacha. Nikaikwangua ile rangi, nikapima. Mita ikalia upande huu na upande ule. Mzima. Umeshika barabara. Shoti haiko kwake.

Nimefunga fremu mapema. Niliwaambia wateja kichwa kinaniuma. Hakikuwa kichwa.

Jumamosi, 8 Machi

Imewaka.

Nimepitisha umeme mdogo kwenye njia kuu kwa pawa saplai, nikapaka spiriti bodi nzima kwa brashi, nikainama kuangalia. Spiriti hukauka kwanza pale penye joto. Nilingoja kama anayengoja uji uchemke. Kapasita moja ndogo kuliko punje ya ulezi ikakauka, zingine zote bado zinang'aa. Iko mbali na waya wangu, upande mwingine kabisa wa bodi. Nimeing'oa kwa blowa ya hewa ya moto. Ziko nyingi pale, moja ikitoka nyingine zinashika. Mita ikanyamaza. Chaja. Kitaa. Feni ikazunguka.

Nilikaa chini. Sakafuni, siyo kwenye kiti.

Nikampigia Mama Zawadi aje, halafu nikamuuliza aliinunua wapi. Kwa shemeji yake Baba Pendo, pale Chato. Mtumba safi, aliambiwa, fundi wa Buseresere ameithibitisha. Lini? Mwaka juzi, wakati wa pamba. Imemsumbua kabla ya hapa? Haijawahi. Inawashwa asubuhi, inazimwa jioni, kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo iliwaka siku ileile. Nilipokuwa dukani natafuta spiriti, Baba Pendo aliibonyeza ikawaka, akaizima, akainamisha kichwa akaningoja.

Alijipanga. Alijua atainamishaje kichwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kanisani, sikusali. Padre alikuwa anasema, mimi nilikuwa naona kile kichwa kilichoinama.

Kikulacho ki nguoni mwako. Shuleni nilidhani inahusu chawa.

Namchukia. Naandika tena nione kama ni kweli: namchukia. Na huyu ndiye aliyenipokea wakati mafundi wawili walinicheka kwamba mwanamke atashika blowa na mtoto atamshika nani. Ndiye aliyebeba jeneza la baba, bega la mbele. Bila yeye nisingejua hata kusoma mita. Hayo yote ni kweli na yananiongezea hasira. Mwizi wa barabarani hajui jina lako.

Siwezi kumpigia. Yuko matangani, analala chini na wenzake. Mtu hadaiwi neno kwenye msiba. Mama ameniuliza asubuhi kama nimempa pole. Nimempa. Rambirambi pia nimetuma.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Zawadi amechukua laptop yake. Aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena, akaikumbatia na mfuko wake. Hakujua ya nani na sikumwambia. Yeye alinunua kwa haki.

Kabla hajafika nilipiga picha ya waya kwa simu. Kapasita mbovu nimeibandika kwenye karatasi kwa gundi. Sijui kwa nini.

Jumanne, 11 Machi

Amerudi. Amenyoa upara kwa ajili ya msiba, amekuwa mdogo wa uso.

"Mwangaluka, Kabula."

Nikamwamkia shikamoo. Mdomo una adabu kuliko moyo. Nikampa chai, nikampa pole ya pili, nikangoja wateja wapungue. Kisha nikaweka simu mbele yake, ile picha imefunguka.

Aliitazama muda mrefu. Alitambua mara moja, niliona.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa Mama Zawadi wa Chato. Alinunua kwa shemeji yako."

Akaweka kikombe chini. "Ile bodi iliachwa, Kabula. Mayala aliiacha mwenyewe. Mchanga ni wa mwenye karasha. Wewe hukukulia huku?"

"Aliiacha kwa sababu ulisema imekufa."

Kule barabarani basi la Biharamulo lilikuwa linapiga honi likiita abiria.

Nikamwambia bodi angeichukua tu. Angeniambia, nipe hiyo bodi, ningempa na mdogo wangu ningemdanganya mimi mwenyewe. Lakini kwa nini mkono wangu? Kwa nini aliniambia mkono wangu mzito?

Alijibu akiangalia meza.

"Ningesema imewaka ungekaa hapa? Ungefungua meza yako mwezi uleule, upande wa pili wa barabara. Nani angebaki na mimi?" Kisha, taratibu: "Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Niliona siku ileile."

Nimefanya kazi naye muda wote huo na hajawahi kunisifu. Ananisifu leo, na nilichotamani ni kumpiga kikombe.

Sikumpiga. Nimekusanya vilivyo vyangu: bisibisi, koleo, mita ndogo, brashi. Aliona ninavyochagua na hakusema hiki changu. Mlangoni akaniita. Nikasimama. Akashika kikombe chake tu. Nikatoka.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi cherehani wa jirani amenipa nusu ya meza yake kibarazani. Upande wake vitenge, upande wangu simu. Vumbi la nyuzi linaingia kila mahali. Mteja wa kwanza alikuwa na redio. Sikuwa na haja ya kumwambia asubiri mtu.

Usiku wa jana nilimpigia Mayala. Nikamweleza yote, tangu Mama Zawadi mpaka kile kikombe.

"Kwa hiyo hukuiua."

"Sikuiua."

Akasema alinikasirikia zaidi ya alivyoonyesha. Nikasema najua. Nikamuuliza kama anataka tuidai. Akauliza yule mama ana watoto wangapi, halafu akacheka mwenyewe. Akasema iache, inamlisha. Ila asije akakutana na Baba Pendo hapa Buseresere.

Nimelia kidogo baada ya hapo. Siyo kwa uchungu tu. Ila uchungu ndio uliokuwa mwingi.

Jumatano, 19 Machi

Baba Pendo amepita mbele ya kibaraza. Hakusimama. Kwenye fremu yake kuna mteja alikuwa anaita hodi, hakuna wa kumwitikia. Nilijiona nainuka kwenda kumpokea, kwa mazoea. Nikakaa.

Bado nasema "kwetu" nikimaanisha kule. Inaniudhi.

Mchana kaja kijana wa karasha na laptop isiyowaka. Nimeifungua palepale, mbele yake, juu ya kitambaa cha kitenge. Nikiona imekufa nitamrudishia na bodi yake. Nimemwambia hivyo kabla hajauliza. Aliniangalia kama mgeni wa nchi.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imetulia. Mayala amekuja kutoka Rwamgasa, tumekula ugali na dagaa, Mama amelalamika kwamba amekonda, kama kawaida yake.

Baada ya chakula akatoa simu yake mfukoni, akasema chaji haiingii. Mama alikuwa anatoa vyombo. Akaanza, "Msimpe Ka..." Akaishia hapo. Akaendelea kukusanya sahani.

Mayala akainyoosha simu mpaka mkononi mwangu.

Nilienda nayo mlangoni kwenye mwanga. Nikachokoa tundu la chaji kwa sindano ya Mama. Ikatoka pamba ya mfukoni, kibonge kidogo. Nikachomeka chaja, chaji ikaingia.

Ulikuwa uchafu tu.