Nilijifanya Sijui Kirundi, Binti Akaumia Bega

Mpendwa mshauri Mama Marsiana, nakuomba unisikilize mpaka mwisho ndipo uniseme, maana kusemwa nastahili. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nane, fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma, elimu yangu ni ya darasa la saba, nina mke na watoto wanne, na majina ya watu humu nimeyabadilisha yote.

Pamoja na ushonaji huwa nafundisha kriketi, ule mchezo wa gongo na mpira mgumu. Niliujulia Dar es Salaam, nilikuwa nawashonea wachezaji kinga zao za miguuni zikichanika, siku wamepungua wakaniita nikacheza, nikanogewa, niliporudi Kigoma nikaanza kufundisha watoto jioni kwenye uwanja wa shule. Mwaka jana timu ya wasichana kutoka Bujumbura ikaja kucheza na watoto wangu, tukawafunga, viongozi wao wakaniomba niende kwao miezi sita nikasaidie kufundisha. Mama, nilivimba. Mtaa mzima ulijua kwamba naenda kufundisha nje ya nchi, nilijishonea suti ya michezo na mgongoni nikadarizi neno KOCHA.

Nilipofika nikakuta niko chini ya mama mmoja wa miaka sitini na mbili, nimwite Mama Astérie, ambaye amefundisha kriketi Kampala miaka ishirini. Siku ya kwanza mwenyekiti wa kamati ya timu akaniuliza kama najua Kirundi, nikasema sijui hata neno. Mshauri, mimi ni Muha. Kiha na Kirundi ni mtu na mdogo wake, ukijua kimoja kingine unakisikia bila kufundishwa. Ila nililelewa kwa mjomba Tabora na watoto wa kule waliniita Mrundi mpaka nikawa naogopa kumjibu mjomba kwa lugha yetu mbele za watu, nikazoea kuificha, kwa hiyo siku ile mdomo ulijibu wenyewe. Ningeweza kusahihisha kesho yake, sikusahihisha, maana nilionja raha ya kusikia watu wanakusema wakidhani husikii.

Nilichofundisha kwa Kiswahili, Mama Astérie alikuwa anakitafsiri kwa wale wasichana wasiokijua vizuri. Siku moja nikawaambia mpira ukija juu waukamate kwa nguvu, wakaze vidole. Yeye akawaambia kwa Kirundi, "Mwalimu anasema muupokee kama fundi aliye juu ya ukuta anavyopokea tofali analorushiwa kutoka chini, mikono irudi nalo, ukilikazia linakuvunja." Mimi sikusema hivyo hata kidogo. Ndani ya wiki mbili wasichana wakaacha kudondosha mipira na wakawa wananishukuru mimi. Ikawa ndiyo hivyo kila siku, mimi nakosea, yeye ananinyoosha ndani ya tafsiri na sifa ananiachia. Mwenye akili angemfuata akasema mama nifundishe. Mimi nilichukia, hasa siku niliyomsikia anamwambia nahodha, "Mvumilieni, mchezo anaujua, watu bado hajawajua."

Mwezi wa tano akafiwa na kaka yake kule Gitega, akaondoka siku mbili kabla ya mechi yetu na timu iliyotoka Kampala. Nikasema moyoni hapa ndipo watanijua. Asubuhi ya mechi mrushaji wetu tunayemtegemea, binti wa miaka kumi na tisa, nimwite Ella, alisimama hatua mbili kutoka nilipo akamwambia nahodha kwa Kirundi, "Bega linawaka moto tangu juzi, mkono haupandi. Mwambie kocha." Nahodha akamjibu, "Mwambie wewe, Kiswahili changu mimi ni cha kuombea chumvi dukani." Wakacheka. Ella akanigeukia, akashika bega akasema, "Kocha, hapa kidogo." Nikajifanya nimeelewa kwamba amechoka tu, nikamgonga mgongoni nikamwambia jikaze. Mama, nilikuwa nimesikia kila neno. Nilitaka kushinda Mama Astérie akiwa hayupo, na pia ningemtoa Ella ningekuwa nimejitangaza kwamba miezi yote ile nilikuwa nawasikia.

Alirusha mipira kumi na saba. Wa kumi na nane ulimdondokea miguuni, akakaa chini akiwa ameushikilia mkono kama mtoto mchanga. Daktari akasema bega limechanika ndani, asirushe mwaka mzima na huenda asirudi kabisa.

Kamati ikakaa. Kabla hawajaniuliza Mama Astérie akasimama na nguo zake za msiba akasema kwa Kirundi, "Kosa ni langu. Mdomo wa timu ni mimi, nikaondoka bila kumwachia mwenzangu mkalimani. Yeye angejuaje?" Wakamwondoa kwenye kazi palepale. Mimi nilikaa nikasubiri nitafsiriwe maneno niliyoyasikia.

Muda wangu ulipoisha alinisindikiza stendi, akaniambia taratibu kwa Kirundi nimsalimie mke wangu. Nikajibu "Ego," yaani ndiyo. Lilitoka lenyewe. Akanitazama, akanipakatisha mfuko wa maharage ya watoto na akaondoka.

Sasa wiki iliyopita kamati imenitumia ujumbe, wanataka nirudi niwe kocha mkuu, nafasi ya Mama Astérie, na jibu walipate kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamweleza mke wangu Merina mambo yote. Akaniuliza, "Baba Erasto, miezi sita umekaa kwenye nyumba za watu umejifanya jiwe?" Alinuna siku mbili, ya tatu akaniambia nikubali tu, nikishaishika nafasi nimrudishe yule mama kimya kimya, maana nikisema ukweli wataniona mpelelezi na sitakanyaga tena kule. Mimi nimeshaamua kusema, hilo halirudi nyuma, nakata kitambaa cha mteja naharibu, siko sawa. Ila sijui nianze na nani, niandike au nipige simu, na ile nafasi niikatae kabla au baada. Ninyooshe, mama.

Fundi, Mwanga, Kigoma


MAMA MARSIANA ANAJIBU

Ndugu fundi, umesema unastahili kusemwa, basi kaa.

Kuitwa majina ndani ya nchi yako mwenyewe kunauma, na waliokufanyia hivyo Tabora walikosa. Pole sana. Lakini wale watoto hawakuwepo uwanjani asubuhi ile. Mpira alipewa Ella na mwanaume mzima aliyesikia kwamba mkono haupandi. Ukienda kukiri, habari za Tabora ziache nyumbani. Ukianza nazo, binti mwenye bega bovu atajikuta anakubembeleza wewe.

Merina alikuuliza swali zuri, na hilo la pili kalisema kwa kuihurumia nyumba yake. Usimfuate. Ukimrudisha Mama Astérie kimya kimya, watu wataona wewe ndiye uliyemsamehe yeye. Umeshakula sifa zake, sasa unataka ule na huruma?

Unauliza uanze na nani. Uanze na Ella, nyumbani kwao, wazazi wake wakiwepo. Usipige simu, simu ukizidiwa utaikata. Ongea Kiha chako, watakielewa. Mwambie, "Nilikusikia unamwambia nahodha, nikakupa mpira kwa sababu nilitaka kushinda." Ukishasema hivyo nyamaza. Akikutukana, pokea. Baba yake akikuonyesha mlango, toka, ila kesho yake tuma mtu aulize bega linahitaji matibabu gani, na ushike sehemu yako mpaka mwisho. Usiwasimulie habari za vitambaa ulivyoharibu.

Kutoka hapo nenda kwa Mama Astérie. Najua unawaka kutaka kujua kama siku ya stendi alikugundua. Usimuulize. Hilo ni lake. Mwambie ulichofanya, mwambie ulisikia alivyokuwa anakunyoosha ukachukia badala ya kujifunza, na mwambie unakwenda kwenye kamati siku hiyohiyo, atake asitake. Mama wa aina hiyo anaweza kukuambia yaishe, ameshazeeka, acha. Usikubali. Jina lake limechafuka kwa kosa lako, na kulisafisha ni kazi yako hata akisema hana haja.

Kamati uwaandikie karatasi, uisome mbele yao kwa lugha uliyowaambia huijui, uitie sahihi. Humo humo ukatae nafasi. Usisubiri uone watakavyosema ndipo ukatae, wala usiwawekee sharti kwamba unakataa ili wamrudishe fulani. Wewe toa ukweli, uamuzi ni wao. Wakikuita mpelelezi, jibu liko wazi: ulisikiliza ya watu miezi sita bila wao kujua. Wakikufungia usirudi tena, umefungiwa.

Watoto wako wa uwanjani Mwanga nao wana haki yao. Waambie lile fundisho la tofali ni la nani, wamjue kwa jina. Na ile suti, fumua maandishi ya mgongoni, usiyarudishe mpaka atakapokuita kocha mtu anayeijua kazi hiyo.

Umeniandikia kurasa nne mimi ambaye hukunikosea kitu. Kamati imekupa mpaka mwisho wa mwezi, lakini bega la Ella linamuuma leo. Gari za kwenda Manyovu mpakani zinaanza kupakia alfajiri. Funika cherehani, muage Merina vizuri, uende.